Pengo la Nne: Uhakiki wa Kanuni ya Ulinganifu wa Mazingira ya Uundaji na ya Matumizi Halisi

Sehemu hii inahakiki kanuni ya kumi ya The Twelve-Factor App, waraka wa mwaka 2011 wa Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa Heroku. Kanuni hiyo inataka mazingira ya uundaji, yaani kompyuta za wasanidi programu, yafanane kadiri iwezekanavyo na mazingira ya matumizi halisi, yaani seva zinazowahudumia watumiaji. Wiggins anabainisha mapengo matatu ya kuzibwa: la muda, la watu na la zana.

Hoja kuhusu zana ina mashiko. Katika SQLite, safu iliyotangazwa kupokea herufi 10 hupokea hata 20 bila pingamizi, PostgreSQL hukataa. Msanidi anayetumia ya kwanza kwenye kompyuta yake na ya pili kwenye seva huligundua kosa wakati mtumiaji ameshaathirika.

Hata hivyo, kanuni haiitambui data kuwa pengo linalojitegemea. Zana zinaweza kulingana hata kwa toleo, na matokeo bado yakatofautiana. PostgreSQL huchagua namna ya kutafuta taarifa kwa kuzingatia takwimu za jedwali. Jedwali la mistari 50 husomwa lote kwa muda usiohisika. Likifikia mistari milioni 5 bila faharasa inayofaa, utafutaji uleule huweza kuilemea seva. Kontena za Docker, zilizotolewa mwaka 2013, zimerahisisha kulinganisha zana, lakini hazikuliziba pengo hili.

Suluhisho linaloonekana jepesi ni kunakili data halisi. Hapo ndipo ulinganifu unapogongana na haki za watu: mgonjwa aliyetoa taarifa zake ili atibiwe hakuzitoa ili zijaribiwe programu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni bayana na halali, na zisichakatwe kinyume na madhumuni hayo.

Kwa mantiki hiyo, kinachopaswa kulingana ni wingi na mtawanyiko wa data, si utambulisho wa wenye data. Data ya kubuni hukidhi haja hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa haibebi makosa yote ambayo watu huyaingiza. Kanuni ya kumi ingekuwa imara zaidi kama ingemtaka msanidi, pamoja na kupunguza tofauti, aeleze kwa maandishi tofauti zilizobaki na sababu ya kuziacha.