Nani Asitumiwe Meseji: Kupima Kazi ya Fundi wa Matangazo

Agroveti za Meru na Embu siku hizi hukusanya nambari za wateja, kisha kompyuta hutuma meseji yenyewe. Ukitaka kujua kama aliyeupanga mfumo huo ni fundi, usianze na meseji. Omba uonyeshwe masharti ya nani asitumiwe. Kuandika "Mbegu zimefika, karibu" ni kazi ya dakika moja. Kujua nani isimfikie kunahitaji kumjua mkulima, shamba lake na msimu wake.

Wa kwanza ni aliyesema basi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Meseji nyingi za matangazo kwenye laini za Safaricom huishia na STOP *456*9*5#, ili asiyezitaka ajiondoe. Hapo kagua jambo dogo linalowashinda wengi: nambari ileile imeandikwa 07 kwenye daftari la duka, 2547 kwenye faili ya kompyuta na +2547 kwenye simu ya mhudumu. Mteja akijiondoa kwa moja, mfumo mbovu huzihesabu hizo nyingine mbili kuwa za watu wengine, naye huendelea kusumbuliwa na duka aliloliomba limwache. Fundi huzigeuza zote ziwe za namna moja kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha tazama ardhi. Kaunti ya Embu inateremka kutoka Mlima Kenya hadi kingo za Tana, na mkulima wa Kianjokoma mwenye majani chai hana msimu mmoja na wa Kiritiri mwenye ndengu. Mbegu ya mahindi ya H614 ni ya nyanda za juu na hukaa shambani miezi mingi. Ukimtangazia mtu wa Siakago, ambako mvua ya Oktoba hukatika mapema, umemshauri vibaya. Akikuamini na kupanda, hasara ni yake. Mbegu ya viazi inawahusu watu wa Kibirichia na Timau, na mfumo unaoipigia debe hadi Ishiara umepangwa na mtu asiyezijua barabara za huku. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikuu, kwa kuwa hakuna programu inayokuja na elimu hiyo ndani yake. Lazima mtu aitie.

Muda nao unadanganya. Mara nyingi utakuta sharti moja: aliyenunua asitumiwe kwa siku 30, bidhaa zote sawasawa. Lakini aliyenunua mbegu ya mahindi Oktoba haihitaji tena hadi Machi, na aliyechukua vifaranga vya siku moja anahitaji kukumbushwa chanjo ya Gumboro kabla siku hizo 30 hazijaisha. Gunia la kilo 70 la chakula cha ng'ombe wa maziwa linaisha kulingana na idadi ya ng'ombe, kwa hiyo sharti zuri huuliza ana wangapi.

Uliza pia masharti husomwa lini. Meseji ikipangwa Jumatatu na mteja akanunua Jumanne, Jumatano haifai kumfikia. Mfumo mzuri huikagua orodha upya dakika ileile ya kutuma.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni zito: kumwacha mtu nje ya kila kitu. Mwanachama wa ushirika wa maziwa au kahawa aliyekataa matangazo bado anataka kujua malipo yameingia na mkutano mkuu ni lini. Taarifa hizo zipite njia yake, na matangazo yapite yake. Na aliyefariki aondolewe siku duka linapopata habari. Simu yake huenda iko mkononi mwa mjane.

Mwenye duka, kabla mvua ya Oktoba haijafika, chukua nambari ya mteja mmoja aliyejiondoa na ya mwingine aliyenunua jana, uliendeshe zoezi zima bila kutuma chochote. Wakijitokeza kwenye orodha ya watakaopokea, simamisha matangazo yote hadi masharti yarekebishwe.