Waadventista na utumishi wa wanawake: neno juu ya kitabu kimoja

Jirani yako akigombana nyumbani mwake, usisimame inje kwa kumucheka. Pengine ugomvi ule utabisha hodi kwako pia. Waadventista si watu wa mbali: hata Katanga wako, kule Songa, penye hospitali yao. Kwa hiyo tumesoma kitabu chao Women in Ministry, kilichotoka mwaka 1998. Kimeandikwa na watu wa seminari yao ya Andrews, kule Michigan, Marekani, chini ya uongozi wa Nancy Vyhmeister. Seminari inayojaribu kujibu swali gumu la Eklezia yake: jambo hilo peke yake latosha kutuamsha sisi.

Swali lenyewe ni hili: mwanamuke aweza kuwekewa mikono awe muchungaji? Mwaka 1990, mu mukutano wao mukubwa wa Indianapolis, wajumbe 1.173 walikataa, 377 wakakubali. Mwaka 1995, kule Utrecht, 1.481 walikataa, 673 wakakubali. Waandishi wa kitabu wanafikia neno lingine: wanaona Maandiko hayafungi mulango.

Nguvu yao ni historia. Ellen White, aliyezaliwa mwaka 1827 na kufa mwaka 1915, Waadventista wanamuhesabu kuwa mujumbe wa Mungu kwao; maandiko yake wanayasoma hata leo. Lakini yeye hakuwekewa mikono na mutu. Walimupa karata ya wachungaji: kwenye ile ya 1885 neno la kuwekewa mikono limefutwa kwa kalamu, kwenye ile ya 1887 halikufutwa! Mwaka 1881 mukutano wao ulipokea shauri la kuwawekea wanawake mikono. Likapelekwa kwa komiti, likalala pale. Lulu Wightman alihubiri mu jimbo la New York na kuanzisha makanisa, bila kuwekewa mikono. Mutu akijua hayo, hawezi kusema wanawake ni wageni katika kazi ile.

Sasa tuseme upungufu. George Knight, mumoja wa waandishi, anaonyesha ya kuwa Waadventista wa kwanza walianza kuwekea wahubiri mikono kwa ajili ya mupango mwema, ili wahubiri wa uwongo wasipite mu makanisa yao. Kwao haikuwa sakramenti. Vema. Lakini kama ni alama ya kazi tu, mbona ugomvi wa miaka mingi hivi? Wanaodai na wanaokataa, wote wawili wanaonyesha kwamba mioyoni mwao mikono ile ni zaidi ya karata. Hapo kitabu hakichimbi vya kutosha. Kuhesabu kazi za wanawake ni haki. Lakini kazi iliyofanyika vizuri inaonyesha tu kwamba mutu aweza kuifanya. Haijaonyesha bado daraja ni kitu gani, wala Kristu amelitoa namna gani. Wenzao waliowajibu mwaka 2000 kwa kitabu Prove All Things hawakumaliza neno. Mwaka 2015, kule San Antonio, waliuliza kama kila sehemu ya dunia ijiamulie, 1.381 walikataa, 977 wakakubali. Kura inafunga mukutano, haifungi swali.

Sisi Wakatolika tuna jibu juu ya upadri. Papa Yoane Paulo II alilitoa tarehe 22 Mei 1994: Eklezia haina uwezo wa kuwapa wanawake daraja hilo. Tunalishika. Lakini wengi wetu tunasikia «hapana upadri» na kutafsiri «hapana neno». Hilo Papa hakulisema. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake utumishi wa musomaji na wa akoliti, tena akaweka utumishi wa katekista kwa wanaume na wanawake.

Basi tujiulize mbele ya Mungu. Mu mashirika yetu, nani anafundisha watoto sala? Nani anakesha na mugonjwa, na kuimba usiku kwenye kilio? Wamama. Na siku ya baraza la parokia, nani anasema? Mama yuko jikoni anapika chakula cha baraza; mwishoni tunamupigia makofi, nasi tunarudi nyumbani tumeshiba. Ile kalamu ya 1885, sisi pia tunayo. Tofauti ni kwamba yetu haina wino.

Waseminari, someni kitabu hiki kwa ajili ya historia yake. Kwa fundisho la daraja, endeni mbali zaidi. Na ninyi mapadri na makatekista, mukitaka kuwajibu Waadventista, anzeni kwa kumupa mama wa shirika kiti barazani, na kumusikiliza mupaka mwisho.