Kulipima Jarida la Katuni la Zamani

Aprili 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1, iliyouzwa senti 10 za Marekani mwaka 1938, ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Wengi husema ni kwa sababu Superman alianzia humo. Ni kweli, lakini uchache ndio uliozidisha bei: watoto waliyasoma majarida yale mpaka yakachanika, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mengi yakakusanywa kama karatasi chakavu.

Kwetu Kenya hali ni hiyo hiyo. Jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, lilikoma 1979. Miaka ya 1980 ukaja msururu wa Pichadithi, wenye hadithi kama ile ya shujaa Lwanda Magere. Majarida hayo yalipita mkono kwa mkono, na aliyeyamaliza hakuona haja ya kuyatunza. Kwa hiyo ukiliona moja hapa kwetu Isiolo, acha bei kwanza. Lifungue.

Anzia katikati, penye pini. Kutu ya pini huila karatasi, na ukurasa wa kati ndio hung'oka wa kwanza. Hapa Isiolo ina neema yake: hewa kavu haileti kutu na ukungu kama ya Mombasa. Maadui wa huku ni jua, vumbi na mchwa. Jua utaligundua ukilinganisha jalada la nje na upande wake wa ndani, kisha la mbele na la nyuma. Nyekundu na manjano hufifia mapema, na picha hubaki na ubuluu usio wake. Mchwa huanzia pembeni, basi pitisha kidole kingo zote.

Hesabu kurasa. Hapo usimwonee muuzaji haya, maana ukurasa mmoja uliokatwa hushusha thamani kuliko mikunjo yote ya jalada. Selotepu ni mbaya zaidi ya mpasuko wenyewe: gundi yake hupenya na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Jina la mwenyewe wa kwanza, lililoandikwa kwa kalamu, mimi hulisamehe kabisa. Wakusanyaji wakali hawalisamehe.

Toleo la kwanza huvuta bei, ila kati ya toleo la kwanza lililoraruka na la kawaida lililo kamili, ningechukua la pili.

Ukilipata, tafadhali usilibandike wala kulipiga pasi. Lilaze ndani ya bahasha safi, gizani, kwenye rafu isiyogusa ukuta.