Fumbo la A, B na C: Kicheko ni cha Nani?

Ipo dhana iliyozoeleka hapa chuoni kwamba utani wa hesabu ni mali ya wanahesabu. Wenzetu wa sayansi wakichekeana ubaoni, sisi wa fasihi tunapita kando, eti hayo hayatuhusu. Nao wakitusikia tukitaja dhamira na wahusika, wanatuona watu wa porojo tu. Makala haya yana lengo la kuipinga dhana hiyo kwa kuhakiki kazi fupi ya Stephen Leacock wa Kanada, "A, B, and C", iliyomo katika kitabu chake Literary Lapses cha mwaka 1910.

Kwanza tumjue mwandishi. Leacock hakuwa mwanahesabu. Alianza kama mwalimu wa shule, baadaye akafundisha uchumi wa siasa katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Alichofanya katika kazi hii ni jambo jepesi kabisa: alizichukua zile hesabu za "A, B na C wanafanya kazi fulani", akazisoma kama hadithi ambazo mwisho wake umekatwa.

Hesabu za namna hiyo sisi tunaziita mafumbo, na hapa Kiswahili kimeona mbali. Katika fasihi, fumbo ni kauli inayoficha jambo. Je, fumbo la hesabu linaficha nini? Darasani tulizoea kujibu kwamba linaficha namba isiyojulikana. Leacock anasema linaficha watu.

Hebu tuwatazame watu hao. A ni hodari, mbabe, apendaye mashindano. B ni mpole, anamwogopa A lakini anamhurumia C. Na C, maskini, ni mdogo wa umbo na dhaifu. Kutembea, kuchimba mitaro na kupiga pampu kila siku kumemmaliza. Mkono unamtetemeka akishika sururu. Kitabu cha hesabu kinasema kazi ya A ya saa moja C huifanya kwa saa nne. Kwa mwalimu wa hesabu huo ni uwiano tu, moja kwa nne. Leacock anauliza swali ambalo mwalimu haulizi: kwa nini saa nne? Ana nini huyu mtu?

Kilele cha kazi ni kifo cha C. Akiwa kitandani anasema anakwenda haraka. A anataka kujua ni mwendo gani. Anaomba ile "kazi fulani" aliyoiacha, anawekewa mikononi, anakata roho. Siku ya mazishi yanakuja magari mawili ya maiti. B anaendesha lenye jeneza. A anapanda lile tupu, anampa mwenzake yadi 100 za kutangulia, kisha anafika makaburini wa kwanza kwa kwenda mara nne ya mwendo wa B.

Hapo ndipo penye mtego, ndugu msomaji. Yeyote aliyemaliza darasa la saba mkono unamwasha achukue penseli. Haya, kokotoa: B akienda yadi 33 na theluthi moja, A amekwenda 133 na theluthi moja, wako sambamba. Jibu ni sahihi, hakuna ubishi. Lakini muda wote huo maiti ilikuwa wapi? Ili hesabu iende, tumeshalitoa jeneza kwenye gari. Tunacheka, halafu tunashtuka kwamba tumecheka. Ufundi wa kejeli hii ni kwamba inamfanya msomaji mwenyewe atende kile inachokikejeli.

Kwa hiyo hadhira ya kazi hii si mabingwa peke yao. Haidai nadharia yoyote, inadai uwiano wa shule ya msingi. Nathubutu kusema anayeifaidi zaidi ni yule aliyekuwa akichemsha mafumbo kwa sababu alikuwa akiwawazia wale vibarua badala ya kugawanya.

Hata hivyo, kazi ina dosari moja ambayo siwezi kuifumbia macho. Leacock anamtwisha A lawama zote, kana kwamba ubabe wa mfanyakazi mmoja ndio uliomuua C. Aliyewaajiri wote watatu haonekani kabisa. Mtaro ule ulichimbwa kwa faida ya nani? Mwalimu wa uchumi wa siasa kulikwepa swali hilo, hapana bwana! Tumlinganishe na Edwin Abbott wa Uingereza katika Flatland (1884). Humo wahusika ni maumbo: wanawake ni mistari, askari na wafanyakazi wa chini ni pembetatu, na makuhani ni duara. Ukihesabu pande za mtu umeshajua tabaka lake. Kejeli ya Abbott inaanika mfumo mzima. Ya Leacock inaishia kwa vibarua.

Pamoja na dosari hiyo, naona kazi hii inafaa kusomwa katika vitivo vyote viwili, sayansi na sanaa, tena kwa pamoja. Wenzetu watuoneshe jinsi uwiano unavyoiendesha hadithi, nasi tuwaoneshe aliyelala ndani ya jeneza. Na siku wakitupa fumbo kwamba vibarua 6 hulima shamba kwa siku 10, tuwaulize kwanza: shamba la nani? Mwenye hoja tofauti ajitokeze, uwanja ni wetu sote.