Kinywe cha Ruangwa: Mpangilio Ndio Unaoamua

Narung'ombe, wilayani Ruangwa, iliingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya vita. Tarehe 19 Julai 1917 Waingereza na askari wa Kijerumani walipambana vikali katika eneo lile lenye visima vya maji, na damu nyingi ikamwagika. Siku hizi wageni wanaokuja kuichunguza ardhi ya Ruangwa na Nachingwea hutafuta kitu kingine. Hugonga miamba, hutoboa, huondoka na sampuli. Katika wilaya ya Ruangwa wamekuta madini ya kinywe, tena mengi na ya daraja zuri, na majina ya Matambarale, Chilalo na Nachu sasa yanasomwa katika ripoti za madini mbali sana na mkoa wa Lindi.

Nitaeleza kazi moja tu inayofanyika juu ya mwamba huo: namna kinywe kinavyotolewa kwenye jiwe bila kuharibiwa. Nimeichagua kwa sababu inajibu swali ambalo mtunzi wa muziki, mwanahisabati na mwanakemia wote wanahangaika nalo. Kitu kinapoundwa kwa kuunganisha vitu vingine, ni nini hasa kinachokifanya kiwe kile kilivyo? Wengi watakimbilia kutaja viambato. Mimi nasema tutazame kwanza mpangilio wake.

Tuanze na jiwe lenyewe. Kipande cha mwamba wenye kinywe kina vigamba vya rangi ya kijivu iliyokoza, vinavyong'aa, vimelala kuelekea upande mmoja katikati ya chembe za kwazi na ulanga. Sugua kwa kidole. Kidole kinabaki cheusi, na unahisi utelezi ambao jiwe halipaswi kuwa nao. Utelezi huo una maelezo. Kinywe ni kaboni tupu, na kila atomi yake imeshikana na atomi tatu jirani hata zikafanya mtandao wa pembe sita uliotandazwa bapa. Ndani ya tabaka moja, umbali kati ya atomi na atomi ni nanomita 0.142. Kutoka tabaka moja hadi jingine ni nanomita 0.335, na kinachoyashikiza matabaka hayo ni nguvu dhaifu. Ukisugua, matabaka yanateleza moja juu ya jingine, mengine yanabaki kidoleni. Penseli huandika kwa njia hiyo hiyo.

Sasa twende Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi nayo ni kaboni. Mwingereza Smithson Tennant alithibitisha jambo hilo mwaka 1797: alichoma almasi, akapima hewa ya kaboni iliyotoka, akakuta ni sawa na ile inayotolewa na mkaa wa uzito uleule. Fikiria mshangao wa watu wa wakati ule. Jiwe linalokata kioo na masizi ya jikoni, kiambato ni kilekile! Jibu la fumbo likasubiri zaidi ya karne moja. Mwaka 1913 William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence walitumia miale ya eksirei kuonyesha kwamba ndani ya almasi kila atomi imeshikana na nne, kila upande, bila tabaka lolote la kuteleza. Mwaka 1924 J. D. Bernal akaueleza mpangilio wa kinywe. Tofauti yote ya ugumu, rangi, uzito na bei imekaa katika swali la nani kakaa karibu na nani.

Kaboni ya Ruangwa ilijipanga kwa matabaka chini ya joto na mgandamizo mkubwa, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati tope la kale lenye mabaki ya viumbe lilipozikwa na kupikwa ndani ya milima iliyokuwa ikijengeka. Kadiri joto lilivyozidi na kudumu, vigamba vilizidi kukua. Kwa hiyo kigamba kikubwa ni kazi ya mamilioni ya miaka, na mtambo unaweza kukiharibu kwa dakika chache.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Katika mwamba, kinywe ni sehemu ndogo: mahali pengine asilimia 5 hivi, mahali pengine zaidi ya 15. Mnunuzi anataka asilimia 94 au 95 kwenda juu. Mwamba unavunjwa, kisha unasagwa kwa maji hadi uwe uji mzito wa kijivu. Uji huo unaingizwa kwenye matangi, unatiwa mafuta ya taa au dizeli kidogo pamoja na dawa ya kufanya povu, na hewa inapulizwa kutoka chini. Kinywe hakipendi maji. Kigamba kikikutana na kiputo cha hewa hukishikilia na kupanda nacho hadi juu, ambako povu jeusi, zito, lenye kumetameta linafurika ukingoni na kukusanywa. Kwazi na ulanga hulowa, hubaki chini, hutoka kama makapi.

Povu la kwanza bado halijawa safi, kwa sababu vipande vya mwamba vimeng'ang'ania pembeni mwa vigamba na katikati yake. Kwa hiyo linarudishwa kusagwa, lakini safari hii kwa upole, katika vinu vyenye gololi ndogo za kauri zinazosugua badala ya kuponda. Linaeleshwa tena. Linasuguliwa tena. Mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa, na mara nyingi vigamba vikubwa hutengwa mapema kwa chekeche ili visipitishwe kwenye vinu bila sababu. Mwishoni mzigo unakaushwa na kuchekechwa kwa saizi. Vigamba vinavyozidi mikrometa 300 ndivyo vinavyoitwa "jumbo", na bei yake iko juu.

Mtu anayehesabu gharama atauliza: kwa nini msisage laini kabisa mara moja, mkaelesha mara moja, mkamaliza? Usafi ungeweza kupatikana. Lakini vigamba vyote vingekuwa vimekatwakatwa, na hakuna mashine ya kuviunga. Mashine zilezile, mwamba uleule, mafuta yaleyale. Ukibadili zamu tu umepoteza sehemu kubwa ya thamani.

Wanahisabati wamelifanyia jambo hili kazi ya ndani kuliko watu wote. Kwao, kuunganisha kanuni mbili maana yake ni kuchukua jibu la kanuni ya kwanza na kulifanya chakula cha kanuni ya pili. Chukua namba 5. Kanuni moja inasema ongeza 2, nyingine inasema zidisha kwa 3. Ukiongeza kwanza kisha ukazidisha unapata 21. Ukizidisha kwanza kisha ukaongeza unapata 17. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa katika viambato, zamu tu imebadilika. Jambo la pili ni la kurudi nyuma. Kutoka 21 unaweza kurudi kwenye 5, mradi uanze kufuta kile kilichofanywa mwisho: gawa kwa 3, kisha toa 2. Lakini zipo kanuni zisizo na njia ya kurudi kabisa, na kusaga ni mojawapo. Mhandisi wa mtambo wa kinywe anapanga kazi yake kwa sheria hiyo hata kama hajawahi kuiandika: hatua isiyorudishika icheleweshwe kadiri inavyowezekana, na ikija ije kwa kiasi kidogo kidogo.

Nachingwea inalijua somo hili kwa gharama kubwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza kufyeka pori mwaka 1947. Ardhi ilikuwapo, matrekta yaliletwa, watu walikuwapo. Lakini bandari ya maji marefu ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea vilikuwa bado vinajengwa wakati uleule kazi ya shamba ikiendelea. Mpango ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Bandari ikakamilika mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo tena, na reli ikafungwa mwaka 1962. Yako makosa mengine mengi yaliyouua mpango ule, ya udongo, ya mvua na ya kiburi, ila hili la kutia unga kabla maji hayajachemka lilitosha peke yake.

Sasa ngoma, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bado nasikia watu wenye elimu wakisema kwamba ngoma zetu hazina utunzi kwa kuwa hazikuandikwa kwenye karatasi. Maneno hayo yananiuma, na si kweli. Tazama Wamakonde wa huku kusini wanavyopiga. Kuna vinganga, ngoma ndogo nyembamba zenye mguu uliochongoka wa kuchomeka ardhini, zinazopigwa kwa fimbo. Na kuna ngoma kubwa zenye sauti nzito. Kabla ya kuanza, ngozi huoteshwa moto hadi ikaze na sauti ipande. Kila mpigaji ana sehemu yake fupi, ambayo ukiisikia peke yake haikwambii lolote. Utunzi uko katika namna sehemu hizo zinavyoingiliana.

Chukua duara la mapigo 12 yaliyo sawa, ambalo hutumika katika ngoma nyingi za Afrika. Mpigaji mmoja akiligawa kwa tatutatu, atapiga la 1, la 4, la 7 na la 10. Mwenzake akiligawa kwa nnenne, atapiga la 1, la 5 na la 9. Wanakutana mara moja tu katika duara zima, kwenye pigo la kwanza. Kwingine kote wanapishana, na kutokana na kupishana huko msikilizaji anasikia mlio wa tatu ambao hakuna kati yao anayeupiga. Mcheza ngoma anayekanyaga mlio huo wa tatu anacheza kitu kilichotungwa na watu wawili kwa pamoja.

Hisabati ina hesabu inayohusu jambo hili moja kwa moja. Namba 12 inaweza kugawanywa katika mafungu kwa njia 77, kama hujali fungu lipi limetangulia. Ukijali zamu, njia zinakuwa 2,048. Hiyo ndiyo nafasi aliyo nayo mpigaji wa kengele akiwa na mapigo 12 tu mkononi. Kuna mpigo mmoja unaojulikana tangu Ghana hadi Zambia: mafungu matano ya mapigo mawili, na mafungu mawili ya pigo moja moja. Gonga meza: paa, paa, pa, paa, paa, paa, pa. "Paa" ni mapigo mawili, "pa" ni moja. Mafungu hayo saba yanaweza kupangwa kwa njia 21. Ila kwa kuwa kengele inazunguka bila kukoma, njia hizo kwa kweli ni mizunguko mitatu tu: ule ambao "pa" mbili zimebanana, ule ambao zimetenganishwa na "paa" moja, na huu ambao zimewekwa mbali kadiri inavyowezekana, "paa" mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Wazee wakachagua huu wa tatu. Ndio unaosambaza mapigo saba katika duara kwa usawa kuliko yote, kwa hiyo hayarundikani mahali pamoja. Na mpangilio huohuo, 2-2-1-2-2-2-1, ndio hatua za do re mi fa so la ti do ukizihesabu kwa nusu sauti kwenye kinanda. Mpigaji wa kengele kijijini na fundi wa kinanda Ulaya walifika mahali pamoja, mmoja akipanga muda, mwingine akipanga sauti.

Sisemi kwamba kiasi cha viambato hakina maana. Penseli inakataa. Tangu Nicolas-Jacques Conté alipobuni njia yake huko Ufaransa mwaka 1795, unga wa kinywe huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na hafifu, kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi. Lakini hata hapo, ndani ya kila chembe, kinachoandika ni yale matabaka.

Matabaka hayo ndiyo yanayoifanya dunia itafute kinywe leo. Betri ya litiamu inapochajiwa, atomi za litiamu huingia katikati ya matabaka na kukaa, moja kwa kila atomi sita za kaboni. Betri inapotumika, hutoka. Gramu moja ya kinywe, kwa hesabu ya nadharia, hubeba miliampia-saa 372. Vigamba vikubwa vina kazi nyingine: huloweshwa tindikali ili ijipenyeze kati ya matabaka, na vikipata joto kali huvimba mara nyingi sana kuliko unene wake wa awali, ndiyo maana huwekwa katika vifaa vya kuzuia moto.

Kufika huko, mzigo wa asilimia 95 unaotoka mtamboni bado una safari. Kwa ajili ya betri lazima vigamba viviringishwe viwe vidonge, na katika hatua hiyo nusu au zaidi huishia kuwa vumbi. Kisha visafishwe hadi asilimia 99.95, kisha vipakwe kaboni nyembamba juu. Kila hatua inakula jibu la ile iliyotangulia, na faida inaongezeka kuelekea mwisho wa mnyororo. Nchi inayouza baada ya hatua ya kwanza inauza malighafi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa hisabati, kemia na sanaa katika shule za sekondari za Ruangwa na Nachingwea, Narung'ombe ikiwemo. Kinywe kimo katika ardhi ya wilaya, ngoma ziko vijijini, na penseli iko kwenye kila dawati. Ketini pamoja mwandae somo moja la vitu hivyo vitatu, na mlifundishe kwa Kiswahili, ili mtoto anayetazama malori ya kinywe yakishuka kwenda bandarini aweze kueleza ni hatua zipi zimeshafanyika na zipi zimebaki kufanyika kwa wengine.