Kunoa Kabla ya Kunakshi

Mwenyezi Mungu ametutajia katika Qur'ani safina ya Nabii Nuhu kuwa ni kitu cha mbao na misumari. Mtume (S.A.W.) naye ametueleza kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala, na mimbari yake mwenyewe pale Madina iliundwa na seremala. Basi useremala si kazi ya kudharauliwa, na mwenye kumfundisha kijana kazi hiyo amebeba amana. Amana hiyo ndiyo tunayotaka kuipima hapa.

Siku hizi, Lamu na Unguja, yapo mafunzo ya nakshi ya majuma machache. Siku ya kwanza kijana hupewa patasi, nyundo ya mti, na karatasi yenye ua lililokwisha kuchorwa. Hulibandika juu ya ubao akaanza kuchimba. Jioni hurudi kwao na ua lake, mama akafurahi na majirani wakasifu. Lakini ubao ule ulipigwa randa na mashine, na patasi ile ilinolewa na mtu mwingine.

Hatusemi kuwa ua ni baya. Tunasema kijana ameezeka paa na ukuta haujasimama. Patasi ikiwa butu, na mti mgumu kama mbambakofi huifanya butu upesi, hajui la kufanya ila kupiga kwa nguvu zaidi. Nayo patasi butu haikati, huponda. Nyuzi za mti huchanika, chuma kikateleza kikaingia mkononi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu amelazimisha wema katika kila kitu, kisha akatoa mfano wa mchinjaji, kwamba anoe kisu chake. Tazama, kila kitu kimetangulia, ndipo kisu kikatajwa.

Kunoa kwenyewe si siri. Mgongo wa patasi hulazwa sawasawa juu ya kinoo mpaka ncha ing'are. Kisha upande wa mshazari husuguliwa kwa mwinamo ule ule, kifundo cha mkono kisicheze, mpaka kidole kisikie ukwaru mwembamba wa chuma nyuma ya makali; huo nao huondolewa. Majaribio yake ni kukata kichwa cha kipande cha mti laini. Ukikatika safi, ukang'aa, patasi ni kali. Ukisagika, irudi jiweni. Mwalimu huyaeleza haya asubuhi moja, ila mkono huyajua baada ya majuma mengi, na hapo ndipo hayo mafunzo mafupi yanapopungukiwa.

Baada ya kunoa, lau ningeulizwa, ningemtaka mwanafunzi atengeneze ubao wa chuoni. Hauna ua wala pambo. Unataka uso ulionyooka na pembe zinazokubaliana na guni, na kosa lake huonekana mara tu ukiuelekeza kwenye mwanga. Halafu atengeneze mbuzi ya kukunia nazi, ajue kupitisha mguu mmoja ndani ya mwingine usilegee. Mwisho marufaa ya msahafu ya ubao mmoja, ambayo hupasuliwa kutoka ncha mbili mpaka kwenye vifundo vya katikati, ikafunguka bila bawaba na bila msumari. Mwenye kuiweza hiyo amekwisha kujua msumeno, patasi na subira. Nakshi kwake itakuwa nyepesi.

Liko na jambo la mti wenyewe, nalo ni zito kwa sababu limeingia katika halali na haramu. Ubao mbichi ukikauka hunywea kwa upana, na kwa urefu hunywea kidogo mno. Mlango ulioundwa kwa mbao mbichi, ukaingia kaskazi, hufanya mianya. Na ikiwa kizingiti cha juu kimechorwa aya, aya hiyo hupasuka katikati. Kuupaka mlango kama huo rangi nzito na kuuza kwa bei ya mti mkavu hakuna tofauti na yule mtu wa sokoni aliyeficha nafaka iliyorowa chini ya kavu, Mtume (S.A.W.) akatia mkono akaigundua. Mwanagenzi asiyefundishwa kuujua mti mbichi huingizwa katika ghishi bila kujijua, na dhambi ya kwanza ni ya mwalimu wake.

Wala tusiwapambe mafundi wa zamani kupita kiasi. Wako waliomfagilisha mtoto vumbi miaka miwili bila kumwambia neno, akiuliza akapigwa, na wengine walikwenda kaburini na vipimo vyao. Walichotushinda ni kwamba mwanagenzi wao aliuona mlango tangu gogo mpaka kusimama kwake, na hakutoa kilemba cha fundi mpaka fundi aseme kazi imekubalika. Leo cheti hutolewa siku zikitimia, mkono umeweza ama haukuweza.

Mji wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000. Milango imeorodheshwa, mikono haikuorodheshwa. Wenye kuandaa mafunzo haya wanaweza kuanza kesho bila kuongeza gharama kubwa: siku ya kwanza karatasi ya ua ibaki kabatini, na mbele ya kila kijana kiwekwe kinoo, bakuli la maji na patasi butu.