Ujasiri na Majivuno katika Majina ya Biashara

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanyabiashara akiishika methali hii peke yake ataona kuwa jina ni jambo dogo, maana unga mzuri utanunuliwa hata ukiitwa unga tu. Lakini wahenga hao hao walisema pia kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yahusu kitu kilichokwisha kujulikana. Ya pili yahusu kitu ambacho mnunuzi hajakionja wala kukishika. Hapo jina hutangulia na kitu hufuata. Kwa hiyo yafaa majina ya biashara yapimwe kama tupimavyo mashairi: yana maana gani, yana sauti gani, na yanaahidi nini.

Mtu akipita katika soko la Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, au katika soko lolote dogo chini ya Mlima Kenya, si ajabu akute majina ya aina mbili. Yapo majina ya woga, yanayotaja mwenye duka na kazi yake, basi. Hayana kosa, wala hayakumbukwi. Yapo pia majina ya majivuno: hoteli yenye meza nne imepewa jina la jiji kubwa la ng'ambo, na mgeni aingiapo hulinganisha jina na chai aliyoletewa, akacheka. Kati ya woga na majivuno iko njia ya tatu, nayo ni ujasiri. Tuitazame kwa mifano iliyo wazi.

George na Charles Hurst, watu wa ndugu moja, walikuwa miongoni mwa walioanzisha kiwanda cha bia cha Kenya mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni. Bia yao ikaitwa Tusker, neno la Kiingereza la tembo mwenye pembe kubwa. Sisifu kileo hapa, nachunguza jina. Mwenye hofu angesema kuwa ni nuksi kuiita bidhaa kwa mnyama aliyemuua mwenye mali. Hata hivyo jina hilo limedumu zaidi ya miaka 100. Ni neno moja lenye picha moja, na nyuma yake pana kisa cha kweli. Hatari iliyokuwamo iligeuka kuwa kumbukumbu.

Sasa tulinganishe na jina lililotaka ukubwa kwa njia nyingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya majaribio yalionyeshwa hadharani yakiitwa Nyayo Pioneer. Gari hilo halikufikia kutengenezwa kwa wingi, kwa kuwa fedha zilikosekana. Silaumu jina kwa jambo hilo. Lakini jina lenyewe lina kasoro mbili. Kwanza, maneno yake mawili yapingana. Nyayo ni alama za aliyekwisha kupita, na pioneer kwa Kiingereza ni mtangulizi anayefungua njia. Mtangulizi atafuata nyayo za nani? Pili, Nyayo ilikuwa kaulimbiu ya mtawala. Kitu kikibeba kaulimbiu ya mtawala, fundi huogopa kusema kuwa gurudumu limelegea, asije akadhaniwa kuwa ameikosoa serikali. Jina la namna hiyo laonekana la kijasiri, kumbe limejificha nyuma ya mwenye nguvu.

Mfano wa tatu ni Uchumi, maduka yaliyoanzishwa mwaka 1975. Neno lenyewe ni zuri, ni la Kiswahili, na hutamkika kwa urahisi. Ila ni pana mno. Maduka hayo yalipofungwa mwaka 2006, aliyesikia kuwa Uchumi umeanguka ilimbidi aulize kama ni duka au ni nchi. Baadaye yalifunguliwa tena, yakapata shida tena. Jina pana ni kanzu ya jitu aliyovishwa mtoto: akijikwaa, wote wanaona. Lakini mhakiki mwenye haki ataongeza kuwa Nakumatt, lililotokana na jina nyenyekevu la duka la magodoro la Nakuru, nalo lilianguka, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua lifilisiwe. Unyenyekevu wa jina haumwokoi mwenye madeni.

Wako wasemao kuwa lugha zetu hazifai kuuzia mambo mapya, na kwamba kitu cha kisasa lazima kiitwe kwa Kiingereza. M-Pesa yawajibu. Ilipoanzishwa mwaka 2007, herufi M ilisimama kwa neno la Kiingereza la simu ya mkononi, lakini mzigo wote umebebwa na pesa, neno lililotoka Bara Hindi, likapita pwani, likafika kila kijiji. Huduma ngeni iliingia nyumbani kwa mlango unaojulikana. Matatu nayo ni neno la Kikuyu la idadi, tatu, na hukumbusha nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi. Hakuna aliyeona haya kwa kuwa neno hilo halikutoka London.

Mfano ulio jasiri kuliko yote uko karibu na Giakanja yenyewe, ingawa si wa duka. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alinyongwa na serikali ya kikoloni tarehe 18 Februari 1957. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Hata hivyo, katika miaka ya 1970, taasisi ya ufundi ya Nyeri ilikwisha kuitwa Kimathi, na mwaka 2012 ikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Waliolichagua jina hilo walitaja hadharani mtu ambaye chama chake kilikuwa bado kimepigwa marufuku. Halikukopwa ng'ambo, wala halikumpendekeza mwenye cheo. Lilisema jambo ambalo watu wa mahali hapo walilijua kuwa kweli, kabla sheria haijalikubali.

Basi tofauti yadhihirika. Jina la majivuno huahidi kisichokuwapo. Jina la kijasiri husema kilichopo, ijapokuwa kukisema kuna hatari. Kijana atakayefungua kinu cha posho au karakana ajiulize maswali matatu kabla ya kumwita mchoraji wa kibao. Je, jina hili lasema jambo moja, au mawili yanayopingana? Siku biashara ikiyumba, litageuka kuwa dhihaka? Na mteja akiniuliza sababu yake, nitaweza kumjibu bila kutazama chini? Akiweza kujibu yote matatu, na aliandike kwa herufi kubwa, hata jirani wakishangaa. Kisha afungue duka mapema asubuhi, apime kilo kamili, maana kibao kitasomwa mara moja, na mizani itasomwa kila siku.